Mshale wa Nguvu Zilizobaki

Gari lile lilipokabidhiwa kwangu, kitu cha kwanza nilichogombana nacho kilikuwa geji. Sikugombana na breki wala matairi, ingawa matairi yake yana bei ya kuudhi. Kwenye dashibodi yake ya mbao inayong'aa, mahali ambapo magari yote niliyowahi kuendesha huweka mshale wa mizunguko ya injini, hili lilikuwa na duara jeusi lenye mshale mweupe mwembamba, na mshale huo ulikuwa umesimama kwenye mia. Injini inawaka kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, gari halijasogea hata kidogo, na mshale uko mia. Nikakanyaga mafuta, ukashuka. Nikaachia, ukapanda tena. Nikajisemea kwamba nimepewa mbuzi kwenye gunia.

Gari lenyewe si langu. Ni la mfanyabiashara mmoja wa madini hapa Arusha, aliyeliagiza kutoka Uingereza ili watu wamwone ndani yake. Walimwona mara chache, kisha akachoka kusugua tumbo la gari lile kwenye matuta ya mji huu, akaliegesha. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshajulikana kwa kupamba kumbi na kubeba maharusi kwa gari dogo jeupe. Akaniita, akasema ni dhambi gari zuri kufunikwa turubai, nilichukue lifanye kazi za harusi. Nina zaidi ya miaka hamsini na sikuwahi kupewa ufunguo mzito namna ile. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Sasa geji. Nililipeleka gari Sakina, kwa fundi umeme ninayemwamini, kibanda chake kiko nyuma ya wauza vipuri wa barabara ya Nairobi. Ni fundi mzuri, lakini ana ugonjwa mmoja ambao mafundi wengi wa pale wanao, nao ni selotepu nyeusi. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi na chanzo chake hakionekani haraka, mteja anazibiwa taa. Kipande kidogo tu, kimekatwa vizuri kwa wembe, hata hukioni. Mteja analipa, anaondoka na amani, na injini inaendelea kuumwa huko mbele peke yake. Nimenunua gari la namna hiyo maishani mwangu, kwa hiyo nina kinyongo na selotepu.

Fundi aliinama, akakanyaga mafuta, akatazama mshale ukishuka.

"Dada, hii imekufa," akasema. "Inasoma kinyume."

"Gari la mtu mwenye pesa zake linasoma kinyume?"

"Hata wenye pesa wanauziwa. Naweza kuikatia waya ilale pale pale kwenye mia. Au tuizibe tu, maharusi hawatajua."

Mkono wake ulishaingia mfukoni kutafuta selotepu. Nikamwambia akithubutu kuitoa ndio tutakuwa tumemaliza urafiki. Akacheka, lakini mkono ulitoka mtupu.

Nilimwomba mwenye gari kitabu cha gari. Alikuwa hajawahi kukifungua, kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa ngozi kikinukia upya. Nikaenda nacho nyumbani Elerai, nikavaa miwani, nikatafuta ile picha ya duara. Geji haikuwa imekufa wala haikusoma kinyume. Inaitwa geji ya nguvu zilizobaki. Haionyeshi injini inazunguka mara ngapi. Inaonyesha kati ya nguvu zote ilizo nazo ni kiasi gani bado hakijaguswa. Gari likisimama, nguvu zote zipo, mshale unakaa mia. Ukipanda mlima au ukitaka kulipita lori, unachukua kidogo, mshale unashuka kuonyesha kilichosalia.

Nilikaa na kitabu kile mapajani nikijiuliza ni nani alihitaji kitu cha namna hiyo. Mizunguko ya injini ninaielewa, inamwambia dereva asiitese injini, abadilishe gia. Hii haimwambii dereva afanye lolote. Baadaye, nilipolizoea gari, nilianza kuelewa. Injini yake ni kubwa na kimya kiasi kwamba mwenyewe hana haja ya kujua inavyohangaika, kwa sababu haihangaiki. Anachotaka ni kutulizwa moyo, aambiwe usijali, bado zipo nyingi. Nikiwa barabara ya Tengeru kwa mwendo mzuri, mshale unakaa tisini na kitu. Ilinikera, nasema kweli. Mimi naamka asubuhi nikiwa sitini.

Nilipomweleza fundi, alitikisa kichwa, akasema matajiri wana raha, hata geji zao zinawabembeleza.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchungulia dashibodi za watu. Mwenye gari ana jingine refu la kupandia porini, lenye geji ya kupima gari limeinama kiasi gani. Kuna picha ndogo ya gari ndani ya kioo, na gari likilala ubavu kwenye mteremko, kapicha nako kanalala, ili dereva ajue kabla halijabiringika. Pembeni yake kuna nyingine inayopima upo juu kiasi gani kutoka baharini. Ni vitu vya maana kabisa kwa mtu anayezunguka mlima Meru kwa nyuma. Yeye analiendesha kwenda hotelini na kurudi. Na lile langu la harusi lina saa ya mishale katikati ya dashibodi, ndogo, ya kizamani, ingawa simu za watu wote ndani ya gari zina saa. Nilidhani ni pambo tu, mpaka siku moja nilipokuwa nimesimama namsubiri bibi harusi, injini inawaka, nikagundua kwamba sauti pekee ndani ya gari lile ni ya saa. Watengenezaji walitaka uisikie, ili ujue jinsi kulivyo kimya.

Haya yote yangebaki kuwa mambo ya gari kama baba asingeumwa.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kwenye mteremko wa Meru, juu ya Maji ya Chai. Ujanani aliwahi kuendesha lori la chama cha ushirika, akishusha kahawa kutoka milimani, na hakuacha kujiita dereva hata alipokuwa hana hata baiskeli. Krismasi ile tulipokusanyika nyumbani niliona mkanda wake wa suruali ya kanisani umetobolewa tundu jipya, mbali sana na yale ya zamani. Hakumaliza nyama yake. Alisema meno, lakini meno yake yalikuwa hayana shida. Baada ya sikukuu nilimchukua nikaja naye Elerai, nikampeleka hospitali.

Daktari alituita pembeni sisi watoto watatu, kwenye korido. Kaka yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam, na alikuja kwa ajili hiyo. Mdogo wetu wa kiume ndiye aliyebaki nyumbani na baba baada ya mama kufariki. Mimi niko katikati. Daktari alisema ni kansa ya kongosho, imeshafika kwenye ini, na kupasua hakutasaidia kitu. Atampa dawa za maumivu. Kaka alipouliza muda, daktari alisema tusipange mambo ya Krismasi ijayo.

"Mzee asiambiwe," kaka akasema palepale, hata daktari hajageuka. "Ukimwambia unamuua kabla ya siku zake. Tuseme ni vidonda vya tumbo."

Mdogo wetu alitazama viatu vyake. Mimi nilikubali shingo upande, kwa sababu ndivyo wengi tunavyofanya huku kwetu na sikuwa na jambo bora mfukoni. Kwa hiyo baba akaambiwa vidonda vya tumbo. Akakatazwa pilipili, akaambiwa anywe maziwa. Aliyanywa kwa utii ulionichoma, kikombe kizima, kisha anafuta mdomo na kuniuliza kama nadhani vidonda vimeanza kukauka.

Halafu lilianza lile swali la masale.

Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao kwetu mlimani ndio mpaka. Ukikata kipande chake ukakichomeka ardhini wakati wa mvua, kinashika, na kikishashika hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeking'oa. Mzee mwenye watoto wa kiume anapogawa kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa na makaburi ya watu wake, hagawi kwa maneno tu. Anaita ndugu na majirani, anatembea mwenyewe, na mahali anapopita panachomekwa masale. Lakini hafanyi hivyo akiwa bado na nguvu. Akishapanda masale, nyumba imebadilisha mwenyewe, na watu wanajua mzee ameaga. Akiwahi mno, anabaki mgeni kwenye kiti chake. Akichelewa, watoto wake wanarithi ugomvi.

Kaka na mdogo wangu walikuwa hawajagombana bado. Lakini walishaanza kuheshimiana kupita kiasi, kila mmoja akimwambia mwenzake wewe ndiye wa kusema, na kwetu hiyo ni dalili mbaya. Kulikuwa na kipande cha shamba karibu na mfereji ambacho wote wawili walikuwa hawakitaji kabisa.

"Masika yako karibu," baba aliniambia siku moja akiwa amekaa uani kwangu na kikombe chake cha maziwa. "Nipande masale mwaka huu, au nisubiri mvua za mwakani?"

Hakuwa anauliza habari za mimea. Alikuwa anauliza ana muda gani, na aliuliza kwa njia pekee ambayo mzee wa kwetu anaweza kuuliza jambo hilo bila kujishusha. Nilimpigia kaka simu. Kaka akasema mwambie mwakani. Nikarudi uani.

"Kaka anasema mwakani," nikamwambia.

"Kaka yako," akasema baba, kama mtu anayepokea chenji asiyoihesabu.

Aliuliza tena baada ya siku kadhaa, na tena. Kila mara nilimjibu kwamba kaka anasema mwakani, na kila mara nilijisikia vibaya zaidi. Kama angeamini, angekufa kabla ya mvua hizo za mwakani bila kutembea shambani kwake, na mpaka ungekuja kupandwa na wanasheria mjini.

Jumamosi moja nilikuwa na bibi harusi wa kumchukua kijiji cha juu kidogo ya kwetu. Baba akaomba nimpitishe nyumbani akalale huko siku chache. Nilimfungulia mlango wa nyuma, kwenye viti vya ngozi vyenye nafasi ya kunyoosha miguu, naye akakataa.

"Nyuma ni kwa bibi harusi," akasema, akazunguka kwa mkongojo wake, akakaa mbele.

Gari lilikuwa limeshapambwa maua meupe na utepe kwenye boneti. Tulipopita sokoni Tengeru watu walipunga mikono, na akina mama wawili wakapiga vigelegele. Baba aliinua mkono wake mkavu akawapungia.

"Wanadhani naoa," akasema.

"Waache, baba."

"Na dereva ni binti yangu wa kunizaa. Watasema mengi."

Alicheka mpaka akashika tumbo, na nilipomtazama aliacha kucheka ili nisiendelee kumtazama. Kisha akaanza kusoma dashibodi. Alisoma kwa mpangilio, kama alivyokuwa anasoma Biblia, kushoto kwenda kulia. Hii ya mafuta. Hii ya joto. Hii saa, na ni nzuri. Tukaacha lami pale Maji ya Chai, tukashika barabara ya vumbi jekundu inayopanda. Greda lilikuwa limepita siku hizo, na gari lile lina kitufe cha kujiinua miguu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Migomba ilianza kutusogelea pande zote mbili na hewa ikapoa. Gari likaanza kufanya kazi. Mshale ukatoka tisini, ukashuka themanini, ukaendelea.

"Hii nayo?" baba akauliza. "Inashuka."

"Kwa sababu tunapanda. Inaonyesha nguvu zilizobaki."

"Zilizotumika?"

"Zilizobaki, baba. Kati ya zote."

Akausindikiza ule mshale kwa macho mpaka kwenye sabini. Mlima wenyewe ulikuwa umejifunika wingu, tulikuwa tunapanda kwenda ndani yake.

"Lori la ushirika halikuwa na adabu hii," akasema. "Lenyewe lilikuwa linachemka tu, mvuke juu, ndipo unajua. Ningekuwa na hii ningejua pa kupumzikia."

Kwenye kona ya kanisa tulikuta ng'ombe wanavushwa, wengi, na mchungaji wao hakuwa na haraka na mtu. Nikasimama. Injini ikatulia kabisa, na mshale ukapanda wenyewe taratibu, ukaenda kukaa kwenye mia.

"Mshale umerudi," baba akasema.

"Gari likisimama unarudi."

"Wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa. "Basi hapo ndipo mimi na gari tunapoachana."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu aliyekuwa analinganisha vitu viwili na sasa amemaliza. Kisha akageuka kwenye kiti, akanitazama usoni, jambo ambalo baba yangu hakulifanya mara nyingi.

"Mwanangu, mimi geji yangu siioni. Iko upande wenu," akasema. "Mmeisoma ninyi na daktari. Sikuombi unisomee. Nauliza lile swali langu tu, na leo ndiyo mwisho, sitauliza tena. Nipande masale mwaka huu, au nisubiri mwakani?"

Ng'ombe walikuwa wanapita mbele ya boneti, wakinusa yale maua. Ndani ya gari kulikuwa kimya, nikasikia saa. Nilimfikiria kaka kule Dar es Salaam. Nikamfikiria pia fundi wa Sakina na mkono wake mfukoni, na jinsi mimi mwenyewe nilivyokuwa mkali kwa ajili ya taa ya gari. Niliogopa, kwa sababu neno kama hilo ukishalitoa hulirudishi. Lakini aliyekuwa ananiuliza ni mtu mzima, shamba lilikuwa lake na mvua zilikuwa zinakuja.

"Panda mwaka huu, baba," nikasema.

"Masika haya?"

"Haya haya. Yakianza tu."

Akaitazama barabara. Ng'ombe wa mwisho alivuka, ndama nyuma yake, na mchungaji akatupungia fimbo kushukuru. Baba alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka nayo.

"Asante, mwanangu," akasema. "Twende, mtoto wa watu anasubiri kuolewa."

Sikuweza kwenda. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili na machozi yanashuka mpaka kidevuni. Baba akatoa leso kwenye koti, ile ya kanisani iliyokunjwa vizuri, akanipa.

"Futa uso," akasema. "Watasema unanipeleka kuniozesha kwa nguvu."

Nilimshusha getini kwetu. Hapo lipo jambo moja ambalo lazima nilieleze, nalo ni kwamba nyumbani kwetu hakuna pa kugeuzia. Njia inaishia getini, kahawa huku, migomba kule, na gari lile ni refu kuliko sebule yangu. Kila nilipokwenda nalo ilibidi nirudi kinyumenyume mpaka kule kanisani, shingo imepinda, natukana kimoyomoyo. Siku ile baba alisimama katikati ya njia na mkongojo wake, akaniongoza kama alivyokuwa akiongozwa enzi za lori. "Njoo. Njoo. Kata kulia. Simama, unaua kahawa yangu." Nilifika kanisani shingo inauma na utepe umekatika. Yeye alikuwa bado amesimama palepale, anatazama njia.

Kaka alipata habari kesho yake, kwa sababu baba alimpigia mwenyewe kumwambia aombe ruhusa kazini. Simu iliyofuata kaka alinipigia mimi.

"Umemwambia," akasema.

"Hajaniuliza ugonjwa. Ameuliza masale, nimemjibu."

"Umemuua mzee wetu."

Mimi nina hasira za karibu, na hilo lilinigusa pabaya. Nilimwambia kwamba yeye hana tofauti na wale wanaoziba taa ya injini kwa selotepu, kwamba injini haijapona, ni yeye tu aliyepata usingizi. Akakata simu. Hatukuzungumza tena mpaka mvua.

Mvua zilianza vizuri mwaka ule. Siku ya shughuli walikuja wazee wa ukoo na majirani wa pande zote, wakapewa loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na mbege, pombe yetu ya ndizi, wakakaa chini ya turubai. Kaka alikuwa ameshuka kwenye basi asubuhi ile, uso umefungwa, akanisalimia kwa kidole. Baba alikuwa amekonda sana, dawa zilimfanya aongee polepole, lakini alivaa koti na kofia na hakutaka kushikwa. Alikwenda kwenye masale ya zamani, yale yaliyopandwa na baba yake, akamwambia mdogo wangu akate. Vipande vilivyokatwa akamkabidhi kaka avibebe.

Kaka alivipokea vyote kifuani, na shati lake la mjini likachafuka palepale. Nilimwona akimtazama baba akitangulia kwenye tope, hatua fupi, mkongojo kwanza, akisema hapa, na hapa, na hapa. Mtu yule hakuwa anakufa kwa kuambiwa. Alikuwa na kazi, na alikuwa anaifanya. Kaka alianza kulia kabla hawajafika kwenye mfereji, analia waziwazi na masale mikononi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Baba alifika pale kwenye kile kipande kisichotajwa, akapitisha mpaka katikati yake bila kusitasita. Mfereji akasema ni wa wote wawili, akawataka waitikie kwa sauti mbele ya majirani. Wakaitikia. Upande wa juu ukawa wa kaka. Nyumba na upande wa chini vikawa vya mdogo, aliyebaki.

Watu wakaanza kurudi kwenye mbege. Baba hakurudi.

"Bado," akasema.

Akatembea mpaka getini, akaanza kuchora chini kwa ncha ya mkongojo. Alichora duara kubwa lililokwenda likaingia ndani ya kahawa na kutoka upande wa pili. Wazee walitazamana. Nilijua wanachofikiria, kwamba dawa zimempanda kichwani, na mimi nilifikiria hivyohivyo, nikamsogelea nimshike mkono.

"Gari lako lina urefu gani?" akaniuliza.

"Sijui, baba. Refu."

"Lilete."

Siku ile nilikuwa nimeliacha kanisani, kukwepa kurudi kinyumenyume. Nililifuata kwenye mvua, nikalipandisha. Baba akasimama nje ya duara lake, akainua mkono. "Njoo. Njoo. Kata yote. Kata, usiogope." Mdogo wangu aling'oa mikahawa miwili iliyokuwa njiani, bila kuuliza. Nikakata usukani wote, gari likazunguka na pua yake ikatazama bondeni nilikotoka. Baba akaonyesha alama za matairi kwenye udongo, akasema masale yapandwe nje ya alama hizo, kulizunguka duara zima.

"Hapa ni pa huyu," akasema.

Mzee mmoja wa ukoo alikohoa kwanza. Akamkumbusha baba kwa heshima kwamba binti hana sehemu kwenye kihamba, haijawahi kuwa hivyo.

"Sijampa kihamba," baba akajibu. "Nimempa pa kugeuzia gari. Asipokuwa na pa kugeuzia ataacha kuja."

Mzee akasogea kando kupisha masale. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya usukani, kioo kimeshushwa, mvua inaniingilia, nimesikia kila neno. Vipande vya mwisho alivichomeka kaka mwenyewe, akavikandamiza udongo kwa kiatu chake cha ngozi. Alipomaliza alikuja dirishani kwangu. Akaingiza kichwa, akakiegemeza begani kwangu, na tope lake likabaki kwenye mbao zile zinazong'aa.

Baba alifariki kabla kahawa haijaiva. Alifia nyumbani, kitandani kwake, na masale yalikuwa yameshashika, yana majani mapya.

Bado naendesha gari lile. Nikipata harusi ya upande ule, namwambia bibi harusi nitapita mahali dakika moja, naye hukubali kwa sababu siku hiyo hukubali kila kitu. Napanda, mshale unashuka, napita kanisani bila kusimama. Getini kwetu nasimama, nasikiliza saa mpaka mshale urudi mia. Kisha nakata usukani wote na kugeuza kwa mkupuo mmoja, na sijawahi kugusa jani hata moja.